Fstrim kwenye RAID 1 ya mdadm, na ile diski mpya inayosahaulika

Wadau mnaotunza seva za sacco, shule na kliniki hapa Uganda, wengi mshaweka SSD mbili kwenye RAID 1 ya mdadm (diski mbili zinabeba data ileile, mdadm ndo chombo cha Linux cha kuzisimamia) na ni vizuri sana, ila kuna kazi moja inasahaulika, kuiambia SSD sehemu gani hazitumiki tena. Ukifuta faili, Linux inafuta tu kwenye daftari lake, SSD yenyewe haina habari, inaendelea kubeba data iliyokufa ikidhani bado unaitaka, mwisho kuandika kunakuwa polepole na chipu zinachakaa mapema. Amri ya kuiambia ni TRIM, kwenye Linux unaituma kwa `fstrim`, na md (sehemu ya keneli ya Linux inayoendesha RAID) inaipitisha tangu keneli 3.7 ya 2012, kwa hiyo usihofu.

Kwanza angalia kama njia iko wazi mpaka chini:

`lsblk -D`

Soma DISC-GRAN na DISC-MAX kwa sda na sdb (diski zenyewe) na md0 (RAID yao). Ukiona 0 basi hapo TRIM haipiti, mara nyingi ni adapta ya USB imeizuia. Kama uko na LUKS (usimbaji wa diski) katikati ongeza neno `discard` kwenye /etc/crypttab. LVM (ile ya kugawa nafasi ya diski) iache kama ilivyo, fstrim inapita yenyewe.

Sasa:

`sudo fstrim -v /`

Unaipiga juu ya mfumo wa faili, siyo sda wala sdb, md itazifikishia diski zote mbili. Na tafadhali sana, `blkdiscard` usiiguse kwenye diski yenye data za watu, ile inafuta kila kitu.

Kisha iachie taima:

`sudo systemctl enable --now fstrim.timer`

Inapiga kila wiki usiku wa kuamkia Jumatatu, na kama saa hiyo umeme haukuwepo inafanya kazi yake seva ikiwaka, ndo maana hapa kwetu naona inashinda kroni (cron, ile ratiba ya zamani ya Linux) ya kawaida.

Haya, sasa diski mpya. Moja imekufa, umeenda mjini Kampala umenunua nyingine, umepiga `mdadm --add` na kunakili kumeanza. Shida ni kwamba md haijui mfumo wa faili una nini ndani, yenyewe inanakili kila bloku hata zile tupu, kwa hiyo unaweza kuwa unatumia GB 60 tu kwenye diski ya GB 480 lakini SSD mpya imeandikwa GB 480 zote, imeanza maisha ikijiona imejaa pomoni! Subiri `cat /proc/mdstat` ionyeshe [UU], yaani diski zote mbili ziko kazini, ndo upige fstrim tena.

Na hapa ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, inawachanganya wengi, maana unaweza kupiga fstrim ikakujibu `0 B` ukadhani kumeharibika kitu. Ext4 inakumbuka kwenye memori sehemu ilizokwisha kusafisha na inaziruka, haijui kwamba chini yake diski imebadilishwa. Kumbukumbu hiyo inapotea ukifanya umount na mount upya, au ukiiwasha upya seva kama ni `/` yenyewe, halafu fstrim itasafisha nafasi yote tupu. XFS, mfumo mwingine wa faili, haina tabia hiyo, inasafisha yote kila mara.

Jambo lingine, Ubuntu na Debian zinakagua RAID kila mwezi, na baadaye unaweza kukuta `/sys/block/md0/md/mismatch_cnt` (hesabu ya sehemu ambazo diski mbili hazifanani) siyo 0. Usikimbilie kubadilisha diski. Kuna SSD ambazo bloku iliyopigwa TRIM ukiisoma hairudishi sifuri kwa uhakika, basi pacha wawili wanatoa majibu tofauti kwenye sehemu ambayo haina faili lolote. Hakikisha hivi:

`sudo hdparm -I /dev/sda | grep -i trim`

Ukiona `Deterministic read ZEROs after TRIM` kwenye zote mbili na bado namba inapanda, hapo chunguza kweli, anza na `smartctl -a` (ripoti ya afya) ya kila diski, na bakapu iwe tayari kabla hujagusa kitu.