Somo: Mtungi wa gesi unapotoka jikoni kuingia karakana

Habari za kazi, mafundi wenzangu. Tangu wengi wenu muanze kuacha kabaidi (yale mawe yanayotoa gesi ya asetilini yakikutana na maji) na kukatia chuma kwa gesi ya mtungi, napokea swali lilelile kila wiki: ninunue nini, na niwekeje? Mimi ni fundi wa chuma hapa Dodoma, upande wa Kizota, na msimu wa ujenzi napanda mapaa kuchoma karatasi za lami. Nilichokiona kwa miaka yote hii ni kwamba ajali nyingi zinatokana na kuyapeleka karakanani mazoea ya jikoni. Mtungi ni uleule, rangi ileile, muuzaji yuleyule, lakini kazi unayoupa ni nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Ielewe gesi yenyewe

Gesi tunayouziwa ni mchanganyiko wa propani na butani. Imegandamizwa mpaka ikawa kimiminika, na juu ya kimiminika kuna mvuke. Ukifungua valvu unatoka mvuke, kisha kimiminika kinachemka ndani ya mtungi ili kujaza nafasi. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ndiyo maana haihitaji moto ili ichemke. Joto inalolihitaji inalichota kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Lishike hilo, tutalirudia.

La pili: gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propani ni mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja haipandi, inashuka na kutambaa sakafuni kama maji, ikitafuta shimo. Na haihitaji kujaa chumba. Ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa, cheche ya grenda inatosha kuiwasha. Ile harufu ya yai viza imetiwa makusudi, kwa sababu gesi yenyewe hainuki.

Hatua ya 2: Anza na moto unaouhitaji, mtungi baadaye

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fundi ananunua tochi kubwa ya paa, yaani kichomeo cha gesi cha kuchomea karatasi za lami, anaifunga kwenye mtungi wa kilo 15 aliotoka nao nyumbani, anafanya kazi nusu saa. Moto unaanza kulegea. Anautazama mtungi: una jasho, kisha barafu nyeupe kuanzia chini. Anasema gesi imeisha, au kaibiwa dukani. Hakuna aliyemwibia. Anavuta mvuke kwa kasi kuliko mtungi unavyoweza kuchemsha. Chuma kimepoa, presha imeshuka, na gesi imebaki imelala humo ndani.

Hesabu yake ni nyepesi. Soma kibao cha kifaa, utaona uwezo wake kwa kilowati. Gawanya kwa 12.8, maana kilo moja ya gesi inatoa karibu kilowati-saa 12.8 za joto. Kichomeo cha kilowati 26 kinakula kama kilo 2 kwa saa. Kwa karatasi, mtungi wa kilo 15 ungekupa saa saba. Kwa kazi mfululizo hautakupa, kwa sababu mtungi mdogo una ngozi ndogo ya kuchotea joto. Asubuhi za Julai hapa kwetu, baridi inaposhuka mpaka nyuzi 13 au 14, hali inakuwa mbaya zaidi, na kadiri gesi inavyopungua ndani ndivyo uwezo nao unavyopungua.

Dawa ni mtungi mkubwa wa kilo 38, au mitungi miwili mitatu iliyounganishwa kwa bomba la pamoja lililotengenezwa kwa kazi hiyo, ili mzigo ugawanyike. Kama kazi ni ya vipandevipande, badilishana mitungi: mmoja unafanya kazi, mwingine unapumzika.

Dawa si moto. Kuna mwaka nilikuwa kwenye jengo moja, kijana wa timu nyingine akaona mtungi umeganda, akausogezea jiko la mkaa. Nia yake ilikuwa njema, alitaka kazi iishe kabla ya jioni. Nilimvuta mkono na tukalimwaga jiko lile mchangani. Mtungi ukipata moto upande mmoja, presha inapanda wakati chuma kinalegea, na ukipasuka kimiminika kinageuka mvuke mara moja. Lita moja ya kimiminika inatoa kama lita 250 za mvuke. Mpaka leo nikiona jiko karibu na mtungi mwili unanisisimka.

Hatua ya 3: Regulata, mpira na nozeli

Regulata (kifaa cha kupunguza presha) ya jikoni inatoa kama milibari 30, yaani bari 0.03. Tochi ya paa inataka bari 1 mpaka 4, kutegemea kifaa. Kwa sababu hiyo wengine wanaing'oa kabisa na kuunga mpira moja kwa moja kwenye valvu. Ndugu zangu, mtungi wenye propani nyingi ulioachwa juani hadi nyuzi 40 una zaidi ya bari 10 ndani yake. Mpira wa jikoni haukutengenezwa kwa presha hiyo. Nunua regulata ya presha kubwa, ya kurekebisha, yenye geji na inayolingana na valvu ya mtungi wako.

Mpira wa propani kwa kawaida ni wa rangi ya chungwa. Mwekundu ni wa asetilini, na propani huula mpira usioandaliwa kwa ajili yake: unalainika na kupasuka ndani wakati nje bado unang'aa. Funga kwa klipu, si waya wa kufungia nondo. Nati za gesi zinafungwa kinyume, kuelekea kushoto, na zina mikato midogo pembeni ili zisichanganywe na za oksijeni. Ikikataa kuingia usilazimishe, umechukua isiyo yake.

Mnaokata chuma, nozeli ya asetilini haifanyi kazi na propani, lazima ubadilishe. Tegemea pia kutumia oksijeni nyingi zaidi: propani ili iungue yote inataka oksijeni mara tano ya ujazo wake, asetilini mara mbili na nusu. Kupasha chuma mwanzoni kutachukua muda zaidi, lakini ukishatoboa, mkato ni safi na kokwa za uchafu chini zinabanduka kirahisi. Weka valvu za kuzuia moto kurudi kwenye mpira wa gesi na wa oksijeni. Na mafuta au grisi yasiguse kabisa vifaa vya oksijeni, hata mkono wenye grisi.

Hatua ya 4: Mtungi ukae wapi

Wima, siku zote. Ukiulaza, kinachotoka ni kimiminika badala ya mvuke, na moto utakurukia mita kadhaa. Wale wa bodaboda wanaoulaza mtungi kwenye kiti, ukifika usiutumie papo hapo, usimamishe kwanza utulie.

Nje ya jengo ndiko bora. Kama haiwezekani, penye mlango mpana unaofunguka mpaka chini. Dirisha la juu halikusaidii chochote kwa gesi inayotambaa. Usiuweke karibu na mtaro, wala kisima cha maji taka, wala shimo la kukagulia magari. Kwenye gereji moja niliyoitwa kuchomelea geti, mtungi ulikuwa umewekwa ndani ya shimo hilo "ili usigongwe". Nilikataa kuwasha chochote mpaka ulipotolewa na shimo likapepewa kwa muda mrefu. Mwenye gereji alikasirika. Nilimwacha akasirike.

Juu ya paa, mtungi ukae angalau mita 3 kutoka kwenye moto, nao ufungwe usianguke. Upepo wetu wa Dodoma wa katikati ya mwaka mnaujua. Unazima tochi wakati gesi bado inatoka, na paa lenye ukuta pembeni linaishika kama beseni. Ukizimika, funga, subiri, acha upepo upitishe, ndipo uwashe tena.

Hatua ya 5: Kuwasha na kufunga

Kabla ya kuwasha pitisha povu la sabuni kwenye kila kiungo. Likitoa mapovu, funga na urekebishe. Kiberiti si kipimo cha kuvuja. Fungua valvu ya mtungi polepole, weka kizima moto cha unga mahali mkono unapofika, si ndani ya gari.

Kufunga tochi ya paa: anza na valvu ya mtungi, acha gesi iliyobaki mpirani iungue yote, kisha funga tochi. Kwa vifaa vya kukatia fuata mpangilio wa mtengenezaji, halafu toa presha kwenye kila mpira kivyake.

Kazi ikiisha usiondoke. Lami na mbao huficha moto. Mimi hubaki saa nzima nikizunguka na kushika kwa mkono, hasa pembezoni na penye mbao.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Naweza kuunganishia chuma kwa propani kama tunavyofanya na kabaidi? Niko Nzuguni.*

Marahaba, mwanangu. Kuunganisha chuma kwa chuma, hapana. Moto wa propani na oksijeni unafika kama nyuzi 2,800, wa asetilini unapita 3,100, na wa propani haulindi chuma kilichoyeyuka, kiungo kinatoka kibovu. Kukata, kupasha ili ukunje, na kuunga kwa brasi, propani inafaa vizuri.

*Nitajuaje gesi imebaki kiasi gani? Geji yangu inaonyesha vilevile tu.*

Na itaendelea hivyo karibu mpaka mwisho. Geji inasoma presha, na presha inafuata joto, si wingi. Tumia mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, toa huo. Hata dukani dai mtungi upimwe mbele yako na lakiri iwe nzima.

*Kaka, kuna jirani anahamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, bei nafuu. Kuna ubaya?*

Kuna ubaya mkubwa. Mtungi haujazwi mpaka juu, unaachwa nafasi kama moja ya tano ili kimiminika kitanuke joto likipanda. Huyo jirani hana namna ya kujua amefika wapi, na anapohamisha gesi inamwagika chini. Kumbukeni mlipuko wa gesi wa Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Nunua kwa mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Makao yao makuu yako hapahapa Dodoma, ukimwona jirani wa namna hiyo ni rahisi kutoa taarifa.

*Foklifti ya ghalani kwetu Kibaigwa mtungi wake umelazwa. Mbona umesema wima?*

Umeona vizuri, dada. Mtungi wa foklifti umetengenezwa kutoa kimiminika, na injini ina kifaa chake cha kukigeuza mvuke. Kwa hiyo usiibadilishe mitungi hiyo: wa foklifti usiende kwenye tochi, wa nyumbani usiende kwenye foklifti.

*Moto ukishika kwenye valvu nifanyeje? Nilifundishwa nipige unga haraka.*

Kama unaweza kuifikia valvu bila kuungua, funga kwa glavu au kitambaa kilicholowa, moto utajizima. Kama huwezi, usiuzime. Ukiuzima huku gesi inatoka, itajikusanya chini na kulipuka ikikutana na moto mwingine. Ondoa watu wote, piga 114 kwa zimamoto, waambie kuna mitungi mingapi. Maji ya kupoza mtungi yamwagwe kwa mbali, na tu kama una mahali imara pa kujikinga. Moto ukiwa unauchoma mtungi wenyewe, kimbieni, acheni vifaa.

*Fundi, kila saa kuna mtu anaingia karakanani na sigara. Nimechoka kusema.*

Sogeza mtungi nje leo, uuzungushie wavu wenye kufuli. Ufunguo ukae nao wewe na mtu mmoja tu unayemwamini. Ukimaliza kazi jioni, funga valvu, toa regulata, ingia nayo ndani.