Sema Unataka Kiini Kiweje: Kuagiza Mayai Ukila Nje, Kigoma na Tabora

Nimezaliwa Ujiji, na huu ni mwaka wa 11 nafanya biashara kati ya Kigoma na Tabora. Naenda na dagaa na mawese, narudi na asali na karanga. Mtu wa safari hizi hanywi chai kwake. Anakunywa stendi, jirani na stesheni, gesti, au kwa mama lishe yeyote aliyewahi kuwasha jiko kuliko wenzake. Mimi kifungua kinywa changu ni mayai mawili, chapati na chai ya rangi. Mayai nayataka ute umeshika wote, kiini laini, nikimega chapati nichovye. Bibi yangu ndivyo alivyonizoesha. Alikuwa ananikaangia yai moja, kiini tunakifanya kitoweo cha ugali wa muhogo, na hadi leo yai likikauka naona nimenyimwa chakula.

Miaka mitatu ya mwanzo sikulipata yai hilo nje hata mara moja. Nililetewa mayai magumu, yamegeuzwa, yamekandamizwa na mwiko, pembeni yamekuwa kahawia. Nikadhani wapishi hawajui. Sivyo.

Niliyafahamu haya Tabora, kwenye mgahawa mdogo. Nilikuwa nimerudisha mayai mara mbili asubuhi moja, na binti aliyekuwa jikoni alikuja mwenyewe na sahani, machozi yanamlengalenga. Akaniambia, "Mama, nikikuletea laini ukasema bichi, linakatwa kwangu." Mteja mmoja kabla yangu alikuwa amekataa yai kwa sababu kiini kilimtiririkia, na bei yake ikatolewa kwenye posho ya huyu mtoto. Tangu siku hiyo yai lolote likifika mkononi mwake analikausha, kwa sababu yai kavu hakuna anayelirudisha. Nilimlipa yale ya mara mbili, nikamlipa na ya mara ya tatu kabla hajayapasua, nikamwambia hata yakija maji nayala. Yalikuja kama ya bibi.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ukitaka yai laini: mwondolee mpishi hofu. Mwambie wazi kwamba hutarudisha. Kama hakujui, lipa kabisa kabla hajainjika kikaango. Ukifanya hilo tu, nusu ya kazi imekwisha, hata kama maelezo yako mengine yatakuwa mabovu.

La pili ni maneno. Neno "kukaanga" ndilo linaloponza watu. Ukisema "nipe mayai ya kukaanga" bila kuongeza kitu, sehemu nyingi utaletewa mayai yaliyopigwa na kitunguu, pengine nyanya na hoho, yakamiminwa na kugeuzwa pande zote mbili. Ni chakula kizuri, lakini si ulichokitaka. Mimi lile la kiini kizima huliita yai la jicho, na nimeshakutana na wapishi walioniuliza jicho la nini. Basi nimeacha kutegemea jina. Naeleza kitendo, halafu naeleza kiini. Kwa mama wa Ujiji mazungumzo yangu huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Ahsante. Naomba mayai mawili, lakini usiyapige. Pasulia kwenye kikombe moja moja, mimina yakiwa mazima, usiyageuze. Ute uive wote, kiini kiwe kama asali."

"Kisiive?"

"Kiwe kama asali tu, mama. Sirudishi."

Tabora ukianza na "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, kwa mama wa makamo, jiko linakuwa lako. Usiruke salamu ukaingia moja kwa moja kwenye maagizo marefu, maana utaonekana umekuja kumfundisha mtu kazi yake.

Hilo neno asali nimelitafuta kwa muda. Zamani nilikuwa nasema "nusu bichi", na neno bichi linamtisha mpishi na linamtisha hata anayekula jirani yako. Asali kila mtu wa Tabora anaijua inavyotiririka. Kama unataka kiini kilichoshika lakini bado kina unyevu, sema kiwe kama siagi. Kama unataka kikavu, sema kikauke kabisa, na hapo huhitaji maelezo mengine. Asali, siagi, kikavu. Hatua tatu zinatosha, ukiongeza ya nne unamchanganya mtu mwenye wateja kumi.

Sababu ya kupasulia kwenye kikombe ni mbili. Kwanza, yai viza litajulikana hapo kwa harufu kabla halijaharibu mafuta na mayai mengine. Pili, unaona yai lenyewe. Yai jipya ute wake unakaa pamoja, umekizunguka kiini, na kiini kimenyanyuka. Lililokaa siku nyingi ute unakuwa mwepesi, unatawanyika kama maji, na kiini kinalala na kupasuka kwa urahisi. Ukiona hivyo usilazimishe jicho. Sema, "Haya, hayo yapige tu." Rangi ya kiini isikudanganye. Yai la kienyeji mara nyingi lina kiini cha manjano iliyokolea kwa sababu kuku anajilia majani na wadudu, lakini rangi haikwambii limekaa siku ngapi.

Sasa moto, maana hapa ndipo mayai mengi yanapoharibikia hata kwa mpishi mwenye nia njema. Jiko la mkaa asubuhi huwa limewashwa kwa ajili ya chapati au chipsi, moto ni mkali. Yai likigusa mafuta yanayofuka moshi, chini linaungua na pembeni linafanya mapovu ya kahawia, huku ute wa juu unaozunguka kiini bado unacheza kama kamasi. Mpishi akiona ute ule anafanya kinachoonekana sawa: anageuza. Na ukigeuza juu ya moto ule, kiini kimekwenda. Mambo yote haya yana dawa moja, mfuniko. Moto upunguzwe, makaa yasukumwe pembeni au kikaango kinyanyuliwe kidogo, yai limiminwe, na likishaanza kuwa jeupe chini lifunikwe. Mvuke unaivisha ute wa juu na kiini kinabaki laini. Kwa moto wa wastani mimi huhesabu mpaka 60 kimoyomoyo, kisha naomba wafunue tuone. Pasipo na mfuniko, sahani ya bati inafaa. Pasipo na sahani, mpishi achote mafuta ya moto kwa kijiko amwagie ute, si kiini.

Unaweza kusema hivyo vyote umekaa mezani? Huwezi. Sogea jikoni. Kwa mama lishe na kwenye banda la chipsi jiko liko mbele yako, hakuna anayekukataza kusimama pale. Simama upande usiozuia wateja, ongea taratibu, ongea kwa kuomba. Nimemwona mwanamume mmoja stendi anaamrisha kwa kidole, "punguza moto, funika, funua," na yai lake lilikuja kavu kuliko ya wote.

Mafuta nayo, hasa kwetu Kigoma. Mawese ni mafuta yetu na nayauza, nayapenda kwenye maharage na kwenye samaki. Kwenye yai yana nguvu: yanalipaka rangi ya chungwa na harufu yake inafunika ya yai. Pamoja na ugali wa muhogo ni tamu sana. Pamoja na chai na chapati, kwangu hapana. Kama wewe si mtu wa mawese, uliza kabla, "Mnakaangia mafuta gani?" na uombe ya alizeti. Uliza pia kama ni mafuta yaliyokaangiwa dagaa au samaki, maana yai linavuta harufu upesi, na dagaa wa jana usiku utawakuta kwenye kiini.

Chipsi mayai, au zege, ina sheria zake. Watu wanailalamikia kwamba ni kavu au imelowa mafuta, na sababu huwa ni chipsi zenyewe. Zilizolala kwenye kabati la kioo zimepoa. Mpishi inabidi azirudishe kikaangoni zipate moto, na mafuta yanayobaki ndani yake ndiyo utakayoyala. Omba za sasa hivi, subiri hizo dakika kumi. Omba mafuta ya kikaangoni yamwagwe, yabaki yale ya kulainisha tu. Chumvi iwekwe kwenye mayai yanapopigwa, si juu baadaye. Kama unapenda katikati pabaki laini, sema ageuze mara moja tu na aepue, na hapa moto mkali haukudhuru, unakusaidia. Nyanya ndani ya mayai mimi huzikataa, zinatoa maji na zege halishikani. Kachumbari iwe pembeni. Ukitaka mayai matatu badala ya mawili sema mapema na ulipie, chipsi nyingi na mayai mawili ni chipsi zilizopakwa rangi.

Mayai ya kuvuruga sina mengi ya kusema. Moto mdogo, aepue yakiwa bado yanang'aa, maana yanaendelea kuiva kwenye sahani.

Ya kuchemsha ni habari ndefu zaidi. Yale yanayotembezwa kwenye trei stendi na stesheni, na kachumbari na pilipili yake, yote ni makavu, na ndivyo yanavyopaswa kuwa, kwa sababu yanakaa kwenye joto saa nyingi. Usimsumbue kijana kwa kumwomba laini. Ukilimenya ukakuta duara la kijani kuzunguka kiini, hilo si sumu wala si bovu. Yai likichemka sana, salfa ya kwenye ute inakutana na chuma cha kwenye kiini na kufanya rangi hiyo. Maana yake limepita muda tu. Na likikataa kumenyeka, ganda likaondoka na nyama, huenda ni jipya mno. Yai lililokaa siku kadhaa linamenyeka vizuri zaidi.

Laini la kuchemsha utalipata kwa mtu mwenye sufuria yake na nafasi ya kukusikiliza. Yai liingizwe maji yakiwa tayari yanatokota, na saa ianzie hapo. Mimi natega simu yangu na kumwachia mpishi mezani pake. Kwa Kigoma naweka dakika 6 kwa kiini cha asali, 8 kwa siagi, 11 kwa kikavu. Yai dogo la kienyeji napunguza karibu dakika moja. Tabora naongeza kama nusu dakika, na wenzangu walinicheka mpaka nilipowaeleza. Kigoma pale ziwani ni kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora imeinuka karibu mita 1,200. Kadiri unavyopanda maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, punguzo la nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300. Maji ya Kigoma yanatokota kwenye nyuzi 97 hivi, ya Tabora 96, mbali na zile 100 za pwani. Muda ukifika, liende kwenye maji baridi hapohapo. Ukiliacha mezani na ganda lake linajipika lenyewe ndani, na dakika zako 6 zimekuwa 8.

Kwa safari ya basi la alfajiri kupita Uvinza, Kaliua na Urambo, mimi naagiza makavu usiku, nayabeba na maganda yake na chumvi ya Uvinza kwenye karatasi. Chumvi hiyo imekuwa ikitolewa kwenye chemchemi za pale tangu enzi za mababu, na kwenye yai la kuchemsha sijaona ya kuishinda. Laini usilibebe, lile huliwa palepale.

Na kuna watu ambao siwaagizii kiini cha asali hata wakilia. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee, na mtu anayeumwa. Yai lisiloiva vizuri linaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na tumbo la watu hao halivumilii. Binti yangu alipokuwa mjamzito nilimkaangia makavu miezi yote tisa, akinuna. Hata mimi nikiona trei imeanikwa juani tangu asubuhi, siku hiyo nakula makavu.

Likija sivyo ulivyotaka, tazama kwanza limekosea upande gani. Ute ukiwa bado unacheza, rudisha bila wasiwasi, sema tu, "Naomba ulifunike tena kidogo," ni kazi ya nusu dakika na hakuna hasara ya mtu. Likiwa limepitiliza, hakuna moto wa kulirudisha nyuma. Lile mimi nalikata, naweka kachumbari na ndimu, nalikunja kwenye chapati nakula, kisha nakwenda jikoni kumwambia mpishi kwamba kesho tufunike mapema zaidi. Na kesho yake narudi palepale, kwa mpishi yuleyule. Mara nyingi asubuhi ya tatu simalizi hata salamu, nasikia ananiuliza, "Mama, yale ya asali?"