Kuifufua Kompyuta Mpakato ya Zamani kwa Linux
Kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje, kwa kuwa usakinishaji unaweza kufuta kila kilichomo. Pakua Linux Mint, mfumo endeshi wa aina ya Linux unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, katika toleo lake jepesi la Xfce, ambalo huridhika na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 ingawa GB 4 ni afadhali, kisha uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya balenaEtcher. Kulinakili faili ulilopakua kwenye flashi kwa njia ya kawaida hakutoshi. Washa mashine huku ukibonyeza F12 au Esc, kutegemea mtengenezaji, uchague flashi. Usiharakishe kusakinisha: mfumo huu hufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi, hivyo jaribu kwanza sauti, kamera na Wi-Fi, ambayo ndiyo husumbua zaidi. Vyote vikiitikia, anza kusakinisha.