Kuchagua baruti ya kujazia risasi za bastola: tazama ganda kabla ya bei

Kwenye rafu za duka la vifaa vya bunduki Marekani utakuta makopo mengi ya baruti, kila moja na sifa zake: hii safi, hii ya bei nafuu, hii ya kasi. Anayeanza kujaza risasi mwenyewe (yaani kutia baruti na kichwa kipya kwenye ganda tupu la risasi iliyokwisha kupigwa) huuliza ipi inayotumika kidogo ili kopo lidumu. Afadhali aulize hivi: nikikosea nikamimina mara mbili kwenye ganda moja, jicho langu litaona?

Kabla ya yote, sheria. Marekani, mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kujaza risasi za matumizi yake bila leseni ya shirikisho, mradi asizitengeneze kwa biashara. Tanzania na Kenya ni habari nyingine kabisa: huko kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, kwa hiyo msomaji wa huko achukue haya kama elimu tu. Wala humu hamna vipimo vya kujazia. Vipimo hutoka kwenye kitabu au tovuti ya aliyetengeneza baruti, kwa kichwa kilekile cha risasi ulichonacho.

Tuchukue risasi mbili zinazojazwa sana, 9mm Luger na .38 Special. Ganda la 9mm lina urefu wa milimita 19 na ushei, la .38 Special lina zaidi kidogo ya 29. Huyu wa pili alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, zama za baruti nyeusi, ambayo ilihitaji nafasi kubwa. Baruti ya leo isiyo na moshi ina nguvu nyingi kwa ujazo mdogo, ndiyo maana ukimimina aina inayoungua haraka, mfano Bullseye au Titegroup, inakaa chini kabisa ya ganda kama chumvi iliyosahaulika kwenye bilauri. Ganda lile linaweza kumeza kipimo mara mbili na kichwa kikakaa juu yake vizuri, pasipo dalili yoyote. Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa .38 Special ya kawaida ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 17,000, wakati 9mm inaruhusiwa psi 35,000. Bastola nyepesi ya .38 iliyopigwa kipimo maradufu inaweza kupasuka silinda mkononi.

Hivyo kwa .38 Special tafuta baruti yenye ujazo mkubwa, inayopita nusu ya ganda kwa kipimo halali. Unique, ambayo iko sokoni zaidi ya miaka 100, hujaza kuliko Bullseye kwa mabapa yake, lakini kwa kawaida haifiki nusu, kwa hiyo kipimo mara mbili bado kinaweza kuingia. Trail Boss ilitengenezwa kwa kusudi hilohilo, chembe zake zina tundu katikati kama donati ili zishike nafasi. Kipimo kikiwa kikubwa hivyo, cha pili kitafurika mezani, na kosa utaliona kabla halijafika kwenye mtutu.

Ganda lenye nafasi tupu lina ubaya mwingine. Baruti hulala mbele au nyuma kutegemea ulivyoinua mkono, na baadhi ya aina hubadilika kasi kwa sababu hiyo. Jaribu hivi: elekeza bastola chini kwenye shabaha, inyanyue taratibu hadi usawa, piga. Rudia mara 5. Kisha ielekeze juu kwenye tuta la kuzuia risasi, ishushe taratibu, piga 5 nyingine, zote zipite mbele ya kipimakasi. Wastani wa makundi mawili ukitofautiana sana, baruti hiyo haifai ganda hilo, hata kama inasifiwa na kila mtu. Titegroup inajulikana kwa kutojali inavyolala. Ndiyo sifa yake njema, na ndiyo inayowavuta watu wasahau ujazo wake mdogo.

Kwa 9mm mambo yanageuka. Ganda ni fupi, nafasi ni haba, na shinikizo hupanda upesi. Ukitumia baruti ya pole mno ganda hujaa kabla hujapata kasi unayotaka, na nyingine huungulia nje ya mtutu: mwali mkubwa, kelele, chembe ambazo hazijaungua zikidondokea kwenye mitambo. Ukitumia ya haraka mno, umbali kati ya kipimo cha chini na cha juu kitabuni ni mdogo, na makosa madogo ya mizani yanakuwa makubwa. Aina za katikati, kama W231 au Vihtavuori N340 ya Ufini, ndizo zinazomfaa anayeanza. (W231 na HP-38 ni baruti moja yenye majina mawili, kama zilivyo H110 na W296. Usinunue zote ukidhani unalinganisha.) Tena angalia urefu wa risasi iliyokamilika. Kichwa kikizama ndani kidogo tu kuliko kitabu kinavyosema, shinikizo la 9mm linaruka.

Wanaoshindana huchagua kinyume: kichwa kizito na baruti ya haraka, ili bastola iruke kidogo tu mkononi. Kichwa cha greni 147 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kikienda futi 860 kwa sekunde kinatoa 126, yaani uzito mara kasi ukigawanya kwa 1,000, juu kidogo ya 125 inayotakiwa kwa daraja dogo la IPSC, shirikisho la mashindano ya kulenga shabaha. Ni sawa kwa mtu ambaye tayari ana mazoea ya kukagua kila ganda.

Halafu kuna umbo la chembe, jambo linalopuuzwa mno. Baruti ya vidonge vidogo vya mviringo hutiririka kwenye kipimio (kifaa kinachomimina kipimo kwenye kila ganda) kama mchanga mkavu. Ya mabapa makubwa hukwama: bapa kadhaa hujenga daraja kwenye shingo ya kipimio, ganda hili linapata nusu, linalofuata linapata chake pamoja na kilichokwama. Ganda la kwanza linaweza kuacha kichwa katikati ya mtutu, na risasi inayofuata ikikigonga, mtutu unavimba. Kwa hiyo kabla ya kununua kopo kubwa, nunua la pauni 1, mimina vipimo 10 kwa kipimio chako, pima kimojakimoja kwenye mizani inayosoma greni 0.1. Vikipishana zaidi ya greni 0.2, badilisha baruti au kipimio.

Bei? Pauni 1 ni greni 7,000. Tuseme baruti moja inatumia greni 4 na nyingine 5 (hesabu tu hii, si kipimo): ya kwanza inatoa risasi 1,750, ya pili 1,400. Gawanya bei ya kopo kwa namba hizo uone tofauti kwa risasi moja ilivyo ndogo. Haistahili kupoteza kidole.

H110 inataka neno lake. Ni ya magnum, yaani risasi zenye nguvu kubwa, haipendi kupunguzwa: ukishusha kipimo sana haiungui sawasawa na kichwa kinaweza kukwama. Fuata kipimo na aina ya fataki (kiwashio kidogo kitakoni mwa ganda) vilivyoandikwa, usijipunguzie kwa tahadhari kama unavyofanya kwa nyingine.

Jedwali la mpangilio wa kasi ya kuungua linakusaidia kuchagua jirani, halikupi kipimo. Rangi na sura pia si kitambulisho. Baruti isiyo na lebo, iliyochomolewa kwenye risasi za jeshi au kwenye fataki za sherehe, haina nafasi mezani. Baruti nyeusi vilevile haibadilishani na isiyo na moshi.

Ukimaliza kazi, rudisha iliyobaki kwenye kopo lake. Usiiache kwenye kipimio cha plastiki, aina nyingine hula plastiki hiyo. Nzuri hunuka kama kiyeyusho cha rangi. Ikinuka uchachu unaochoma pua, au ikitoa vumbi jekundu-kahawia, imeharibika. Na ukifungua kopo jipya lenye namba nyingine ya mkupuo, anza tena kwenye kipimo cha chini, ingawa jina ni lilelile.