Kuzima katuni bila vita: hatua ninazowapa wazazi wa watoto wadogo

Nilifundisha chekechea kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuwashauri wazazi, na lalamiko linalonifikia kuliko yote ni hili: "Mwalimu, ukimpa simu anatulia kama maji ya mtungi, ukiichukua nyumba nzima inawaka moto." Nami huuliza swali moja tu. Mtoto wako anajuaje kwamba muda umekwisha?

Wengi hukaa kimya kidogo, kisha husema, "Ninamwambia."

Hapo ndipo penye kazi. Mtoto wa miaka mitatu hajui dakika kumi ni kitu gani. Anachojua ni kwamba alikuwa katikati ya hadithi, mara mkono wa mtu mzima ukashuka na kuichukua. Hatua zinazofuata zinahusu watoto wa miaka 2 hadi 5. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Ikipungua, ndivyo vizuri zaidi. Kama kwenu mmefika saa nne kwa siku, msishuke kwa siku moja. Rekebisheni kwanza namna ya kumaliza, kisha mpunguze polepole.

Hatua ya 1: Andika kwa siku tatu

Bandika karatasi ukutani, uichore safu nne: aliwashiwa saa ngapi, kwa nini, ilizimwaje, alifanya nini. Usibadilishe chochote kwanza. Safu ya "kwa nini" ndiyo itakayokushtua. Ukiona "napika" au "nina simu ya kazi", hilo ni jambo la kupanga. Ukiona "alikuwa analia" mara nyingi, skrini imeshageuka kuwa dawa ya kilio. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, uliotoka mwaka 2022, uliwaangalia watoto wa miaka 3 hadi 5 na kukuta kuwa kumtuliza mtoto kwa kifaa mara kwa mara kuliendana na mihemko mikali zaidi, hasa kwa wavulana. Halishangazi. Mtoto hujifunza kutulia kwa kutulizwa na mtu, na kila tunapompa simu tunamkosesha zoezi moja.

Hatua ya 2: Chagua vitu vyenye mwisho

Ingia kwenye mipangilio ya programu anayotumia, uzime ile tabia ya video inayofuata kuanza yenyewe. Hiyo pekee inaondoa nusu ya ugomvi, kwa sababu ukichelewa sekunde chache tu kipindi kipya kinakuwa kimeshaanza, na sasa unamkatiza. Njia ninayoipenda zaidi ni kupakua vipindi viwili au vitatu, kisha kukata intaneti. Vikiisha, vimeisha, na hakuna wa kulaumiwa.

Video fupifupi zinazopokezana bila kikomo, na michezo isiyo na mwisho, kwa umri huu mimi naziondoa kabisa. Sioni namna ya kumwachisha mtoto kwa amani kitu ambacho mtengenezaji wake hakukiwekea mwisho.

Hatua ya 3: Patana naye kabla simu haijaingia mkononi

Akishaishika, hakusikii tena. Chuchumaa macho yenu yalingane, mhesabu kwa vidole.

"Leo vipindi vingapi?"

"Viwili!"

"Vikiisha, nani anabonyeza kuzima?"

"Mimi!"

"Halafu tunakwenda wapi?"

"Kuoga na bata wangu!"

Angalia mambo matatu hapo. Hesabu ni ya vipindi, siyo ya dakika. Kuzima ni kazi yake, naye anaionea fahari. Na kinachofuata kina mvuto. Ukiweka usingizi mara baada ya katuni, umejitafutia balaa. Weka kitu cha kuchezesha mwili, maji, kutoka nje, kukusaidia kazi.

Hatua ya 4: Rudi kabla ya mwisho

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Tumezoea kupiga kelele kutoka chumba kingine: "Bado dakika mbili!" Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walifuatilia familia zenye watoto wa mwaka 1 hadi 5, wakakuta kuwa onyo la dakika mbili liliendana na kuachana na skrini kwa shida zaidi. Mambo yalikwenda vizuri pale ambapo kipindi kiliisha chenyewe, au kuzima kulipokuwa sehemu ya ratiba ya kila siku.

Kwa hiyo kipindi cha mwisho kikikaribia kuisha, nenda uketi karibu naye. Usiseme chochote kuhusu kuzima. Tazama naye kidogo, kisha uliza: "Huyu sungura anakwenda wapi?" Atakujibu bila kukutazama. Uliza tena: "Na kofia yake iko wapi?" Sasa atakugeukia, kwa sababu ana jambo la kukueleza. Kugeuka huko ndiko unakokungoja. Ukiona majina yanapanda kwenye skrini, nyoosha vidole viwili, mwache abonyeze, mshike mkono, na mazungumzo ya sungura yaendelee mpaka bafuni. Simu ibaki nyuma, mahali asipoiona.

Dakika tatu zako ni hizo. Kilio kingekula ishirini.

Hatua ya 5: Akilipuka hata hivyo

Kuna siku atalipuka. Kachoka, ana njaa, au ni siku mbaya tu. Shuka chini, sauti ndogo, maneno machache: "Umekasirika. Ulitaka kingine. Vimekwisha." Usihubiri. Akigaragara, sogeza vitu vigumu, ukae karibu. Akipiga, zuia mkono na useme, "Sitakuacha unipige." Akirusha kifaa, kiweke juu, siku hiyo basi, kesho utaratibu unarudi kama kawaida. Usitamke "hutaigusa tena mwezi mzima", maana wewe mwenyewe unajua keshokutwa utampa.

Na usimrudishie kwa sababu analia. Ukikataa mara nne na kukubali ya tano, umemfundisha kulia mara tano. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba tabia inayozawadiwa mara mojamoja, bila mpangilio, ndiyo ngumu zaidi kufutika. Watoto wetu hawako mbali na hapo, wala sisi wenyewe.

Hatua ya 6: Vumilia siku mbaya za mwanzo

Kilio mara nyingi huzidi kabla hakijapungua. Mtoto anajaribu funguo ya zamani kwa nguvu zaidi, kwa kuwa imewahi kufungua. Mwanangu wa pili alinishinda hapa. Siku ya nne wageni walikuwa sebuleni, akapiga ukelele ambao bado nausikia, nikampa simu kwa aibu. Tulianza upya kesho yake, na safari hii alijua hasa apige kelele mbele ya nani.

Ndiyo maana watu wazima wote wa nyumbani, bibi na yaya wakiwemo, wajue hesabu ni vipindi vingapi. Mengine nitayataja kwa haraka: skrini zizimwe walau saa moja kabla ya kulala, televisheni isiachwe ikiongea bila mtazamaji, na simu yako isikae mezani wakati wa kula kama yake imekatazwa.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Hatua hizi hazitoshi kama mtoto anajiumiza akiwa na hasira, amepoteza maneno aliyokuwa nayo, haitikii jina lake, au hataki kabisa kucheza na watu. Mpeleke kwa daktari wa watoto, na ubebe ile karatasi ya hatua ya kwanza. Atakuuliza hayo hayo uliyoandika.