Kuanzisha Kambi ya Likizo ya Juni kwa Watoto 40 wa Uswahilini

Mfano wetu ni kambi ya siku 5 kwa watoto 40 wa miaka 9 hadi 13 kutoka mitaa ya Dar es Salaam kama Tandale, Manzese au Vingunguti. Wanalala usiku 4 katika shule ya bweni upande wa Kisarawe au Bagamoyo. Mwaka wa kwanza usizidishe 40, hata mfadhili akisisitiza.

1. Karatasi: anza Januari

Kama kikundi chenu hakijasajiliwa, shirikianeni na chenye usajili. Kusubiri usajili kutawapitisha Juni. Pelekeni barua serikali ya mtaa na kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri wanakotoka watoto, kisha kwa yule wa wanakokwenda. Huyu wa pili husahaulika sana, na ndiye atakayeitwa siku jambo likiharibika.

2. Eneo

Shule ya sekondari ya bweni ina vitanda, jiko, vyoo na uzio. Kabla ya kulipa, muulize mkuu wa shule kama kidato cha nne watabaki kwa kambi ya mitihani. Wakibaki, tafuta kwingine: watoto wa miaka 9 hawachangii mabweni na vijana wa miaka 18. Hesabu vyoo vinavyofanya kazi, si vilivyojengwa: tundu 1 kwa wasichana 20, tundu 1 kwa wavulana 25.

3. Watu wazima 12

Mratibu 1, walezi 6, muuguzi 1, wapishi 3, mlinzi 1. Kipimo ni mlezi 1 kwa watoto 8, kwa hiyo mlezi wa sita ni akiba: mmoja akiugua au akimpeleka mtoto hospitali, kundi halibaki yatima. Wote walete cheti cha polisi kinachotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole, hata mpishi, hata mpwa wa mwenyekiti. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, ibandikwe mlangoni mwa kila bweni, na watoto waelezwe ni ya nini.

4. Kuwapata watoto

Hapa ndipo kambi nyingi huharibika kabla hata basi halijaondoka. Ukimwachia mjumbe peke yake orodha, utapata watoto wa majirani zake. Chukua majina kutoka sehemu tatu: walimu wa shule ya msingi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na serikali ya mtaa. Jina lililotajwa na wawili lipewe kipaumbele. Kisha nenda nyumbani kwa kila mtoto.

Ziara hiyo itakuonyesha jambo ambalo fomu haisemi. Msichana wa miaka 12 mara nyingi ndiye anayelea wadogo zake likizo nzima wakati mama yuko gengeni, kwa hiyo akiondoka siku 5 biashara inasimama. Zungumza na mama mapema nani atashika nafasi hiyo. Usidhani amekataa kambi. Weka nafasi 20 za wasichana na usizijaze kwa wavulana hata zikichelewa kupata watu.

Halafu orodha ya vitu vya kuja navyo. Ukiandika raba, bukta, ndala, mswaki na taulo, mzazi asiye navyo hatakuambia hana. Atasema mtoto anaumwa. Nunua mwenyewe: raba na bukta za mtumba, ndala, mswaki, sabuni, taulo na chupa ya maji, na uwape watoto wote vilevile. Mzazi alete nguo za kubadili tu.

Picha ziwe na ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

5. Afya

Fomu iulize selimundu, pumu, kifafa, mzio na dawa anazotumia. Mtoto mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara na asikae kwenye maji baridi wala upepo wa usiku. Kukosa maji na baridi vinaweza kumletea maumivu makali. Kila kitanda kiwe na neti. Mwenye homa apimwe malaria, asipewe dawa kwa kukisia. Kwa vikojozi, weka plastiki juu ya magodoro yote ili asijulikane nani, waamshe wote saa 4 usiku, na uwe na mashuka 10 ya akiba.

6. Chakula na maji

Kwa watu 52, mlo mmoja: mchele kilo 7 au unga wa ugali kilo 9, maharage makavu kilo 3. Uji wa asubuhi: unga kilo 2 kwa maji lita 15. Siku mbili za kwanza ongeza robo. Wengine watabana mkate mfukoni wampelekee mdogo wao. Usiwagombeze, hakikisha tu hawahifadhi nyama. Nyama iwe imechinjwa na Mwislamu, wote wale sufuria moja. Maji: lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani lita 1,040: tangi la lita 1,000 na ndoo 2 za lita 20 vijazwe kila asubuhi. Ya kunywa yachemshwe au yatibiwe.

7. Bahari

Mkiwa upande wa Bagamoyo bahari iko karibu, na watoto wengi hawajui kuogelea. Bila mwokoaji mwenye mafunzo, hakuna kuingia. Akiwepo: watoto 8 kwa zamu, wawili wawili, maji yasipite kiuno, kuwahesabu kila dakika 10. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, usiwaingize maji yanapopwa.

8. Kurudi

Fikeni kabla ya saa 10 jioni. Mtoto akabidhiwe kwa aliyesaini fomu, si kwa kaka aliyetumwa. Ndani ya wiki moja bandika mapato na matumizi kwenye ubao wa serikali ya mtaa, mpaka nauli ya bodaboda.