SOMO: Roboti imeharibikia uwanjani na zimebaki dakika kumi. Fanya hivi

Habari wakuu.

Kila msimu wa mashindano ya shule simu yangu hujaa picha za gurudumu lililochomoka na swali lile lile: "Mwalimu, niweke supaglu?" Nimelijibu mara nyingi mno, na mara nyingi jibu linafika gundi imeshakauka. Kwa hiyo naandika mara moja, na kuanzia leo nitakuwa namwelekeza kila mtu hapa.

Nazungumzia ile roboti ndogo ambayo klabu nyingi huanzia: mota mbili za njano zenye giaboksi (kiboksi cha gia, 1:48, volti 3 hadi 6), Arduino Uno (bodi ndogo ambayo ndiyo ubongo wa roboti), draiva ya L298N (bodi inayopeleka umeme kwenye mota), betri mbili za lithiamu za 18650 na sensa za kufuata mstari mweusi. Vifaa hivi utavipata Kariakoo, Dar es Salaam, utavipata Luthuli Avenue, Nairobi, na popote uendapo huharibika kwa namna zile zile.

Hatua ya 1. Zima swichi, toa betri.

Hatua ya 2. Usishike tepu bado. Tafuta kwanza kilichoharibika. Zungusha kila gurudumu kwa kidole taratibu: likizunguka bila kuvuta gia, tatizo liko kwenye gurudumu au shafti (ule mhimili linapovishwa gurudumu), likigoma kabisa, liko ndani ya giaboksi. Kisha rudisha betri, inua roboti magurudumu yaelee, washa. Ikitembea hewani lakini ikafa sakafuni, mara nyingi umeme ndio hautoshi. Haya yote hayazidi dakika moja, na timu nyingi huiruka dakika hiyo halafu zinapoteza tisa zilizobaki.

Hatua ya 3. Waya uliochomoka: urudishe, kisha ufunge kwenye fremu kwa kamba au kebo tai sentimita mbili kabla ya pini, ili ukivutwa ivutike fremu na si pini. Tone la gundi ya moto juu ya pini linasaidia. Ukitaka kuitoa baadaye, dondosha spiriti pembeni mwake, itabanduka yenyewe.

Hatua ya 4. Uno inajizima na kujiwasha kila mota zinapoanza. Hapo usiguse programu. Pima betri mota zikiwa zinazunguka, si zikiwa zimelala. Betri mbili za 18650 zilizojaa hutoa volti 8.4. L298N yenyewe hula takriban volti 2 njiani, kwa hiyo mota hupata kama 6, nayo inatosha. Zikichoka hadi 3.3 kila moja, jumla ni 6.6, na Uno inayolishwa kupitia Vin (pini yake ya kuingizia umeme) inapendekezewa volti 7 hadi 12. Ndiyo maana inazima. Badilisha betri. Kama betri ni nzima, kagua springi za kishikio, kwa sababu roboti ikigongwa springi hulala na betri ikaachia kwa sekunde moja tu. Ivute springi kwa ncha ya bisibisi, betri zikiwa nje. Kagua pia GND (pini ya hasi): ya Uno na ya L298N lazima ziungane. Waya huo mmoja ukikatika roboti huchanganyikiwa kiasi kwamba utadhani bodi imeungua.

Hatua ya 5. Gurudumu linateleza kwenye shafti. Hapa naomba msome polepole.

Mwaka 2019 tulikuwa kwenye mashindano ya mkoa. Tundu la gurudumu la kushoto lilikuwa limelegea, roboti ikawa inakata kushoto kila ikianza. Nilikuwa na supaglu mfukoni. Nikadondosha matone mawili kati ya gurudumu na shafti, nikaishika roboti ubavu, gurudumu juu na giaboksi chini. Gurudumu likakamata vizuri, nikafurahi. Tulipoitwa, mota ikalia bila kuzunguka. Binti wa kidato cha tatu aliyeiunda alikaa chini, akafungua zile skrubu mbili ndefu za giaboksi: gia ya mwisho ilikuwa imeganda na ganda lake, utando mweupe umezunguka meno yote. Hatukuwa na mota ya akiba. Kazi yake ya miezi mitatu iliishia pale, na kosa lilikuwa langu.

Supaglu ni nyepesi kama maji. Ikipata upenyo mwembamba hupanda yenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na ukiilaza upande mbaya inateremka hata haraka zaidi. Kwa hiyo:

Usiweke supaglu karibu na shafti yoyote inayozunguka. Hata tone moja. Hata kwa ncha ya sindano.

Usiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Supaglu ikikutana na pamba hupata moto wa kuunguza vidole, na moshi wake unachoma macho.

Usiiweke karibu na sensa. Mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya kioo cha sensa.

Badala yake, chomoa gurudumu. Kata kipande cha plastiki laini cha chupa ya maji, upana milimita 4, urefu sentimita 2. Kikunje juu ya ncha ya shafti kama kofia, kila upande bapa wa shafti upate unene wake, kisha sukuma gurudumu kwa nguvu juu yake. Likiingia kwa urahisi, kunja plastiki mara mbili. Likigoma kabisa, tumia kipande cha mfuko badala ya chupa. Kama shafti yako ina kitundu cha skrubu, kaza skrubu. Kama haina, tone moja la gundi ya moto upande wa NJE wa gurudumu, roboti ikiwa imelazwa hivi kwamba gurudumu liko chini na giaboksi liko juu. Subiri ipoe kabisa ndipo uinue.

Hatua ya 6. Tairi zinateleza sakafuni: zifute kwa kitambaa chenye maji kidogo. Zikiwa zimekwisha, kata pete kwenye tyubu ya baiskeli au chukua ule mpira wa manati, uvute juu ya rimu. Weka pande zote mbili. Ukiweka upande mmoja, kipenyo kinabadilika na roboti itapinda.

Hatua ya 7. Fremu imepasuka: ifunge banzi kama unavyofunga mfupa. Vijiti viwili vya mishikaki au spoki ya baiskeli iliyokatwa, kimoja kila upande wa ufa, kebo tai kabla na baada ya ufa. Kwa spoki, zungushia tepu kwanza, maana ni chuma na itapiga shoti chini ya bodi. Kwa akriliki (plastiki ngumu kama kioo), kama una drili, toboa kitundu cha milimita 2 pale ufa unapoishia, hautaendelea.

Hatua ya 8. Jaribu kabla ya kurudi uwanjani. Dakika moja sakafuni, kisha iache igonge kiatu chako mara tatu, kisha itikise karibu na sikio. Kikisikika kitu kinacheza ndani, bado hujamaliza.

Na someni kanuni za mashindano yenu mapema. Kuna mahali tepu inaruhusiwa na mahali mkaguzi ataibandua.

MASWALI

waya_mwekundu: Mkuu roboti yangu haitembei nifanyeje? Haraka tafadhali.

Mwandishi: Hatua ya 2. Ukishaifanya njoo useme umeona nini.

waya_mwekundu: Sijaelewa, ni mota au programu?

Mwandishi: Ndicho hatua ya 2 inachokuambia. Mimi siioni roboti yako.

binti_wa_klabu: Shikamoo mwalimu. Nimefanya ya kofia ya chupa, gurudumu limekaza vizuri, asante sana. Ila sasa roboti inavuta kulia kidogo hata nikiweka kasi sawa pande zote. Nimebadilishana magurudumu, bado kulia. Inaweza kuwa nini?

Mwandishi: Marahaba. Umefanya vyema kubadilishana magurudumu kwanza, maana sasa tunajua si gurudumu. Mota mbili za njano hazilingani hata zikitoka boksi moja. Badilishana nyaya za mota kwenye L298N: ikianza kuvuta kushoto, tofauti iko kwenye draiva au programu, ikibaki kulia, mota ya kulia ndiyo inayochelewa. Kabla hujaihukumu, angalia kwenye shafti kama kuna nywele au uzi uliojizungushia, kwenye sakafu za madarasa ni jambo la kila siku. Kama ni mota kweli, punguza ile yenye nguvu. Toa jampa (vile vifuniko vidogo) za pini za ENA na ENB kwenye draiva, unganisha pini hizo na pini za PWM za Uno (zinazodhibiti kasi kwa namba 0 hadi 255), ipe ya kushoto 230 na ya kulia 255, kisha rekebisha tano tano. Fanya hivyo betri zikiwa zimejaa, kwa sababu tofauti hubadilika zikichoka.

binti_wa_klabu: Ilikuwa uzi! Uzi wa sweta, mwekundu, umejiviringisha kama kwenye cherehani. Nimeutoa kwa sindano na sasa inakwenda moja kwa moja.

Mwandishi: Hongera. Tunza hiyo sindano kwenye boksi lenu la vifaa.

fundi_wa_zamani: Mimi nimetumia supaglu kwenye magurudumu miaka yote na sijawahi kupata shida. Mnatishia watoto bure.

Mwandishi: Sijasema kila tone litaua mota. Nimesema likiua huna dakika za kulirudisha. Chupa tupu ya maji iko kila mahali na haina hatari hiyo. Kama una njia yako ya kuizuia isiteremke, iandike hapa kwa hatua, nitaisoma.

fundi_wa_zamani: Naipaka kwenye gurudumu, naiacha inate kwanza, ndipo navisha.

Mwandishi: Hiyo ni tofauti na kudondosha likiwa limeshavishwa. Asante kwa kuieleza. Bado kwa wanafunzi wenye haraka siipendekezi.

klabu_ya_kisumu: Mwalimu, sisi betri zetu za 18650 tulizitoa kwenye betri ya laptopu iliyokufa. Moja ganda lake la plastiki limechanika juu, karibu na chanya. Tuliifunga tepu. Ni sawa?

Mwandishi: Nashukuru umeuliza kabla. Mwili wote wa chuma wa 18650 ni hasi, hadi ule ukingo unaozunguka kichwa cha chanya. Katikati kuna kipete chembamba cha kuhami na ganda la plastiki, basi. Ganda likichanika hapo, bati la kishikio linaweza kugusa chanya na ukingo kwa pamoja, na hiyo ni shoti ya betri nzima. Tepu husogea ikipata joto, kwa hiyo si ya kutegemea. Ivishe ganda jipya pamoja na kipete chake, au iache. Kama imebonyea, au imeshuka chini ya volti 2.5, usiichaji tena. Na msilehemu waya moja kwa moja juu ya betri, joto linaharibu ndani. Tumieni kishikio.

klabu_ya_kisumu: Tumezitenga mbili. Moja kweli ilikuwa 1.9.

mshindi_mtarajiwa: Fyuzi yangu imeungua, naweza kuweka karatasi ya foili kwa muda tu?

Mwandishi: Hapana.

mshindi_mtarajiwa: Lakini ni mechi moja tu.

Mwandishi: Fyuzi huungua kwa sababu umeme umepita kiasi, mara nyingi kwa shoti. Ukiweka foili, kitakachoungua safari hii ni waya, na uko juu ya lithiamu. Tafuta chanzo kwanza.

mama_wa_roboti: Sisi tuko kwenye FIRST Tech Challenge (mashindano ya kimataifa ya roboti za wanafunzi), roboti ni kubwa kidogo, betri ya volti 12. Skrubu za chuma zinalegea kila baada ya mechi kwa mtetemo. Kuna kiraka gani?

Mwandishi: Dada, kwa nyinyi mechi ni sekunde 30 roboti ikijiendesha na dakika 2 za dereva, kwa hiyo kukaza kila mkirudi inawezekana, na mpeni mtoto mmoja kazi hiyo peke yake. Kwa skrubu ya chuma ndani ya chuma, tone la rangi ya kucha juu ya nyuzi linazuia kulegea na bado bisibisi italifungua. Faida yake nyingine: rangi ikipasuka unaona kwa macho kwamba nati imezunguka. Lakini rangi ya kucha na ile gundi ya nyuzi ya dukani msiziweke karibu na polikaboneti wala akriliki. Plastiki hizo hupata nyufa ndogo ndogo zikiguswa na kemikali hizo, na nyufa zinaweza kutokea siku ya pili wakati mmeshasahau. Hapo tumieni nati yenye nailoni ndani.

binti_wa_klabu: Mwalimu, kwa nini tepu yetu hubanduka uwanjani lakini nyumbani inashika?

Mwandishi: Vumbi. Desemba 1972, wanaanga wa Apollo 17 walivunja bawa la tairi la gari lao huko mwezini. Eugene Cernan alilibandika kwa tepu, likadondoka tena, kwa sababu vumbi la mwezi lilikuwa limetanda kila mahali na tepu haikushika. Kesho yake waliunganisha ramani nne kwa tepu ndani ya chombo, wakaenda kuzibana kwenye gari kwa vibanio, na zikakaa. Kwa hiyo futa mahali pa kubandika kwa spiriti, acha pakauke, bandika, sugua kwa ukucha. Na pale unapoweza kubana, bana.

binti_wa_klabu: Tunatembea na roli zima la tepu na linajaza boksi.

Mwandishi: Zungushia mita mbili kwenye mpini wa bisibisi, inatosha siku nzima. Kunja ncha ya mwisho ili uipate haraka.